Gauni la Kukulia

Mume wangu aliporudi na sare ya shule, nilidhani amemnunulia mtoto wa jirani. Gauni lilimfika Kipusa wetu vifundoni.

"Mama, nimekuwa pazia," akasema, akazunguka.

"Si atakua?" mume wangu akajitetea.

"Atakulia wapi?"

Tulikuja huku ugenini kwa mkataba mfupi, na kila mwaka tunasema mwaka ujao tunarudi nyumbani. Ndiyo maana mimi nilitaka ile shule ndogo ya mtaani, ya chekechea tu. Yeye, bila hata kuniuliza, akaenda kumwandikisha kwenye ile ya ghorofa, ya kulipia, ambayo mtoto anaingia chekechea na kutoka kidato cha sita.

Kabla sijamaliza kufoka, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, chumba chenu nimekipaka rangi tena. Mnakuja lini?"

Nikamtazama mume wangu. Ghafla akawa na shughuli ya kufunga kamba za viatu vyake.

"Mwaka ujao, mama," nikasema.

Ningelitupa lile gauni dirishani, lakini shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake, na mimi ndiye fundi cherehani. Nikachukua mkasi nikate kitambaa kilichozidi. Mkono ukagoma. Nikakikunja chote kwa ndani, nikakishikiza kwa mishono mikubwa, iliyolegea, ili iwe rahisi kuifumua mwaka ujao.