Dirisha la Bwana Péricat

Saa tatu asubuhi ilipita, na mbao za dirisha la Bwana Péricat zilikuwa bado zimefungwa.

Vololona alikuwa amesimama jikoni kwake, ng'ambo ya barabara, kikombe mkononi, na kahawa ilikuwa imeshapoa. Kwa miaka miwili alikuwa akilitazama dirisha lile. Saa mbili kamili, mvua inyeshe, theluji ianguke, yule mzee alizisukuma mbao zake nje, akatoa kichwa chake cheupe na kumpungia mkono. "Bado nipo, bibie," alikuwa akisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwoka mikate. "Pole sana."

Huo ndio uliokuwa utani wake, na Vololona hakuwahi kuuzoea. Maana nyumba ile ilikuwa yake. Yake na mumewe Rivo, kwenye karatasi. Waliinunua kwa mtindo wa huko Ufaransa: unamlipa mzee kila mwezi maadamu yu hai, naye anaendelea kukaa humo mpaka siku yake ifike, na akishazikwa ndipo unapewa ufunguo. Akifa mapema, umeokota. Akifika miaka mia, imekula kwako. Wafaransa hawalionei haya jambo hili hata kidogo. Siku ya kutia saini, Bwana Péricat aliwatakia wanunuzi wake subira njema, na ofisi nzima ya wakili ikacheka, hata karani akafuta machozi. Rivo naye alicheka, maana Rivo hujifunza haraka. Vololona aliangalia zulia. Na mama yake, alipoelezwa kwa simu kule kwao Antsirabe, aliuliza kama watu wa huko wanaosubiri wenzao wafe huwa wanapata usingizi.

Basi Vololona akaamua kwamba kama ni lazima amsubiri mtu afe, atamtunza kama baba yake. Angefanya nini kingine? Akaanza kumpelekea uji wa mchele kila jioni, ule mlaini wenye tangawizi na vipande vya kuku, ambao kwao wagonjwa na wazee huulilia.

Siku ya kwanza mambo yaliharibika vibaya. Bwana Péricat aliutazama uji, akamtazama yeye, akamwambia aanze. Sasa, kwao Vololona, mdogo hatii kijiko kwenye chakula kabla ya mkubwa. Ukijaribu unapigwa vidole na yeyote aliye karibu. Alidhani mzee anamfanyia adabu tu. Akakataa kwa heshima, huku ameinamisha macho. Mzee akasisitiza. Akakataa tena. Kadiri alivyozidi kuwa na heshima ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kukauka. Na pembeni yao alikuwa ameketi Bi Mauricette, jirani aliyepakana ukuta na mzee, na sindano zake za kufumia, ambazo zilikuwa zimesimama kabisa.

Alipokataa mara ya tatu ndipo akaelewa: mzee aliogopa sumu. Masikio yakamwaka moto. Akachukua kijiko, akala, na tangu jioni ile akawa anakula kijiko cha kwanza kila siku kama mtoto asiyelelewa. Bwana Péricat alikula kilichobaki na kusifu. Lakini Bi Mauricette alikuwa ameshapata hadithi yake, na mji wa Saint-Orlac ni mdogo.

Jana jioni, kwa haraka ya zamu ya usiku kiwandani, Vololona aliliacha bakuli juu ya meza. Mzee alikuwa kwenye simu na binti yake aliyeishi mbali. Hakula kijiko cha kwanza.

Hilo ndilo alilokuwa akilifikiria pale dirishani. Au niseme kweli: hilo lilikuja la pili. La kwanza lilikuwa jingine, na sitamfichia. Alipoona zile mbao zimefungwa, kabla ya hofu, kitu kilimruka kifuani, kikasema nyumba. Akauona mti wa peasi ule wa nyuma ukiwa wake. Akakiona chumba cha juu kimepakwa rangi. Ilikuwa kama kuvuta pumzi moja, basi. Kisha akakiweka kikombe chini, akajiona mchawi.

Akavuka barabara. Changarawe za uani kwa mzee zilikuwa na kelele. Akabisha hodi, akaita, akabisha tena. Kimya. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwa Bi Mauricette, si kwake. Nani angempa mnunuzi ufunguo? Na Bi Mauricette alikuwa sokoni, maana ilikuwa Alhamisi.

Akarudi hadi barabarani, akampigia Rivo simu gereji alikofanya kazi.

"Usiingie," Rivo alisema, na nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma. "Unanisikia? Usiguse hata kitasa. Ukiwa wewe wa kwanza kuingia, tumekwisha."

Akamwuliza kama aite zimamoto, ambao huko ndio hubeba wagonjwa. Rivo akasema watavunja mlango, na kama mzee amelala tu, mji mzima utasema wameshindwa kuvumilia hata asubuhi moja. Amngoje Bi Mauricette, aingie yule, aone yule. Vololona akamwambia kwamba kwao hakuna anayesimama nje ya mlango wa mzee aliyenyamaza. Rivo akajibu kwa upole, na upole wake ndio uliomkera zaidi, kwamba hawako kwao.

Akarudi mlangoni. Akaweka sikio kwenye mbao, hakusikia kitu isipokuwa moyo wake mwenyewe. Akarudi barabarani kuangalia kama gari la Bi Mauricette linakuja. Mtu mmoja akapita na mbwa. Vololona akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Fikiria aibu hiyo, mtu huenda anakata roho ndani na wewe unapekua mkoba usio na kitu. Akaenda tena mlangoni. Akarudi tena. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anajichukia kwa kuogopa, na miguu bado ilikuwa inamrudisha.

Kilichomvusha hata hakikuwa ujasiri. Alikuwa amechoka kujisikia akitembea. Akazunguka nyuma, akavua kiatu cha kazi, kile kizito chenye chuma, akavunja kioo cha mlango wa jikoni, akapitisha mkono na kujifungulia.

Bwana Péricat alikuwa sakafuni kando ya meza, mguu mmoja umepinda vibaya, suruali imelowa, bakuli limepinduka karibu na kichwa chake. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama. Midomo ilicheza lakini sauti haikutoka. Vololona akawapigia zimamoto, akamfunika kwa koti lake, akapiga magoti na kumshika mkono, akimsemesha Kimalagasi bila kujua.

Hivyo ndivyo Bi Mauricette alivyowakuta, na kapu lake la mboga. Aliangalia vioo vilivyovunjika, akaangalia bakuli.

"Sasa umeshindwa hata kungoja," alisema.

Sajini wa polisi alikuja nyuma ya zimamoto. Alilitia bakuli ndani ya mfuko wa plastiki, akafunga kwa uangalifu, akamwomba Vololona asitoke mjini kwa siku chache. Alikuwa na adabu sana.

Kiwandani, ambako kila zamu ilipoanza wenzake walikuwa wakizunguka kusalimiana kwa kupeana mashavu, siku ya pili walizunguka wote na shavu lake likarukwa. Kwa mwoka mikate alisalimia na hakuitikiwa, na mtu aliyeishi na Wafaransa anajua kwamba hilo ni zaidi ya tusi. Rivo alisema majibu ya vipimo yatawaumbua wote. Halafu usiku mmoja, gizani, akamwuliza polepole kama ana hakika hakukosea kitu katika kupika. Vololona akageukia ukutani. Hilo liliuma kupita mashavu yote.

Siku ya nne sajini alipiga simu. Mzee ameanza kuongea, alisema, ila amekataa kusema lolote mpaka yule mwanamke aletwe.

Hospitali ilinuka dawa na supu. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mzee alikuwa amesinyaa kitandani hata mito ilionekana mikubwa. Sajini alisimama karibu na mlango, daftari mkononi, kalamu tayari.

"Nilikuwa ninakusikia," Bwana Péricat alisema. Hakumsalimia. "Nimelala pale tangu usiku, sauti hakuna. Asubuhi nikasikia changarawe. Ukaja mlangoni, ukarudi. Ukaja, ukarudi. Mara tatu. Saa ya ukutani nilikuwa ninaiona. Dakika ishirini."

Vololona alimtazama sajini, akaitazama kalamu yake. Kwao mtu mkubwa haambiwi neno la kumwumiza. Unalizungusha, unalifunika, unamwachia heshima yake na wewe unabaki na yako. Alikuwa na maneno mazuri tayari, kwamba alikuwa akitafuta ufunguo, kwamba hakutaka kumsumbua. Nusu yake ilikuwa kweli.

"Ulikuwa unangoja nini?" mzee aliuliza.

"Nilipoona dirisha limefungwa nilifurahi," Vololona alisema.

Kalamu ya sajini ikaanza kuandika.

"Kwa muda gani?"

"Pumzi moja. Halafu nikaogopa kwamba umekufa. Halafu nikaogopa watu. Kuogopa watu ndiko kulikokula hizo dakika."

Alikuwa analia sasa, na hakujifuta. Bwana Péricat aliangalia dari. Magurudumu ya kitanda yalipita koridoni na kutokomea. Vololona akajua kwamba akiitwa muuaji sasa hivi, hatabisha.

"Nilijikwaa kwenye zulia," mzee alimwambia sajini. "Uji nilikuwa nimeshaumaliza, ulikuwa mzuri. Nilikuwa ninapeleka bakuli likaoshwe. Andika hivyo. Hayo mengine aliyosema si ya kwako, yakate."

Sajini alisita, akakata mstari, akamletea asaini. Akaondoka bila kumtazama Vololona usoni.

Vololona hakuomba radhi, kwa sababu hakuona neno la kutosha, na mzee hakumwambia amemsamehe. Alimwonyesha kiti tu. Vololona akaketi, na mzee akafumba macho.

Saa kumi na mbili muuguzi alikuja na sinia ya dawa. Akasema kuanzia saa hiyo wanabaki ndugu peke yao, akauliza mama huyu ni nani wa mgonjwa. Vololona akasimama, akaokota mkoba wake.

Bwana Péricat hakufumbua macho. Alikuwa amemshika mkono wa koti.

"Binti yangu atakuja Jumamosi," alisema. "Huyu amechelewa dakika ishirini tu. Mwache akae."