Babu Tumboni mwa Tupokigwe

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba ya Kinyala, Ambindwile alimkamua ng'ombe wake wa kisasa, akayachuja maziwa kwa kitambaa cheupe na kuyamimina kwenye dumu la plastiki. Kitambaa nacho alikikamua, maana hata tone la mwisho ni maziwa. Dumu alilifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akaisukuma baiskeli kupanda kilima, kisha akateremka nayo hadi Kiwira, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kando ya barabara kuu. Huko walimchovyea kipimo kuona kama ametia maji. Hakuwahi kutia maji. Alikuwa mtu mwaminifu kwa watu wote wasiokaa nyumbani kwake.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, ambapo kila kitu kilipata mnunuzi. Ndizi zilipakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam zikiwa bado zinatoa utomvu. Maziwa, ambayo zamani yalinywewa nyumbani bila hata kusemwa ahsante, sasa yalikuwa na bei. Shule ikawa na bei. Hospitali ikawa na bei ya kuandikwa, bei ya kupimwa, na bei ya kuambiwa kwamba dawa hakuna.

Tupokigwe, binti wa Ambindwile, alikuwa darasa la saba na alikuwa na akili sana. Kwa ajili yake maziwa yote yaliuzwa, ili michango ya shule ilipwe na jina lake lipelekwe kwenye mtihani wa taifa. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, akala kipande cha ndizi kiporo kama kilikuwepo, akaenda shule.

Jumanne moja, katikati ya kipindi cha hisabati, tumbo lake lilizungumza.

"Masiwa yangu yako wapi?" liliuliza. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa Rungwe ambao hawana habari na z.

Mwalimu Godwin hakugeuka kutoka ubaoni. "Anayezungumza asimame."

Tupokigwe akasimama, na sauti ikasimama naye.

"Jina lako nani?" Mwalimu aliuliza.

"Andongwisye. Baba yake Ambindwile. Nilikufa mwaka ule mbolea ilipopanda bei."

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwalimu. Nilikuwa napita, nikaona humu hakuna kitu, nikaingia."

Mwalimu Godwin akasema sawa, akamhamishia Tupokigwe dawati la nyuma, na somo la sehemu likaendelea. Darasani hakuna aliyeshangaa. Mwaka ule watu walikuwa na bei ya sukari ya kushangaa, na mshangao wenyewe haukuwa wa kutosha kila kitu.

Lakini babu hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote na hakuwahi kukanyaga darasa, kwa hiyo kila jambo lilimvutia. Kwenye somo la sayansi, Mwalimu Godwin alipouliza vyakula vya kujenga mwili, darasa zima liliitikia kwa pamoja: maziwa, mayai, nyama, samaki, maharage.

"Viko wapi?" babu aliuliza.

"Viko kitabuni, mzee," alijibu Mwalimu.

Babu akafikiri kidogo. "Basi nipitisieni hicho kitabu."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, na sababu ilikuwa Hellen, mama yake Tupokigwe. Hellen alilelewa katika desturi ya Kinyakyusa iliyonyooka. Mke hamtazami baba mkwe, hasogei alipo, hampi chakula kwa mkono wake, wala halitaji jina lake. Enzi za uhai wa mzee, kila alipokutana naye njiani Hellen alijitupa vichakani, na safari moja alijitupa kwenye upupu na akatulia humo humo mpaka mzee akapita. Mzee alipofariki, Hellen alilia kwa haki, kisha akaanza kutembea katikati ya njia. Sasa baba mkwe alikuwa amerudi, na alikuwa amekaa ndani ya mtoto wa Hellen wa kumzaa mwenyewe.

Jioni ya kwanza Hellen alikuwa akimpakulia binti yake maharage. Tumbo likasema, "Ongesa kidogo." Hellen aliachia mwiko, akajifunika kanga kichwani, akatokea mlango wa nyuma, na hakuonekana tena mpaka walipolala. Tangu hapo chakula cha Tupokigwe kiliwekwa juu ya jani la mgomba nje ya mlango, na Hellen akakimbia kabla mtoto hajafika. Kuku wa nyumba ile walikuwa na mbio kuliko Tupokigwe. Walinenepa mpaka majirani wakaanza kuulizia bei yao.

Kwa hiyo mtoto alikula kidogo zaidi, na kwa kuwa alikula kidogo zaidi, babu alizungumza zaidi.

Mchungaji alikuja. Akamweleza Hellen kwamba desturi ile ni mzigo wa kale, na kwamba mama Mkristo anaruhusiwa kabisa kumkumbatia mwanawe. Hellen aliafiki kila neno, akaitikia na amina, akiwa nyuma ya mgomba. Mchungaji alimwombea huko huko aliko. Hakuna aliyejua jinsi Hellen alivyoumia. Alikuwa akivizia mpaka babu asinzie, kisha anamsogelea binti yake kwa kunyata na kumrekebishia kola ya shati, mara moja tu, na kurudi nyuma haraka.

Halafu akaja Bwana Andrea, mtaalamu wa lishe wa mradi mmoja uliokuwa na gari jeupe. Alifungua kiti cha kukunja uwanjani, akaweka mpira wa kusikilizia wa daktari kwenye tumbo la Tupokigwe, akasikiliza kwa muda mrefu. Babu alimsimulia habari za fahali mmoja aliyemiliki zamani. Bwana Andrea hakukatiza, kwani alisoma kozi yake nje ya nchi na alifundishwa kusikiliza jamii.

"Hili si jambo la hapa tu," aliwaambia wanakijiji. "Lipo dunia nzima." Akatoa redio kaseti na kuwawekea matumbo ya watoto wa nchi nyingine, yaliyorekodiwa na wenzake. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka milima ya mbali sana, na mzee mmoja kutoka mahali penye mchanga mtupu, na wengine wengi. Hakuna mtu Kinyala aliyeelewa lugha zile. Babu alielewa zote. Aliitikia, akaguna, mahali fulani akacheka, na kaseti ilipokwisha akasema, "Wote wanaulisa nilichoulisa mimi. Huyu bibi wa mwanso yeye alikuwa na mbusi."

Ili kuonyesha kwa vitendo, Bwana Andrea akachanganya maziwa ya unga kutoka kwenye kopo, maziwa ya ng'ombe wa Ulaya, na kumpa Tupokigwe kikombe kizima. Watu walisubiri. Babu aliuliza haya ni maziwa ya ng'ombe gani asiye na harufu, kisha sauti yake ikalegea, na baada ya hapo ulisikika mkoromo tu. Hellen akatoka kwenye migomba mbio. Alimkumbatia binti yake mbele ya umati, akamshika mashavu, akamhesabu mbavu kwa vidole, na hakumwachia mpaka mkoromo ulipokatika.

Bwana Andrea aliridhika. Alisema tatizo limejulikana sasa, nalo ni elimu. Wiki iliyofuata akaitisha semina ya akina mama kuhusu umuhimu wa maziwa. Kulikuwa na soda na chapati. Kila mama aliondoka na bango la rangi lenye picha ya glasi ya maziwa, yai na samaki, na wakati wakirudi walilazimika kusimama pembeni kupisha lori la maziwa. Hellen alilibandika bango ukutani. Babu aliomba aelezwe lina nini, maana alikokuwa kulikuwa na giza. Tupokigwe alimweleza, naye akasema lazima litakuwa zuri.

Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na Mwalimu Godwin alimwita Ambindwile. Alizungumza kwa huruma, kwani Tupokigwe alikuwa ndiye mwanafunzi wake bora tangu aanze kazi.

"Ndugu yangu, msimamizi anatoka mjini Tukuyu. Akisikia sauti ya pili inatoka kwa mtoto, ataandika kwamba anasaidiwa majibu. Watamfutia mtihani."

"Baba yangu hajui jibu hata moja," Ambindwile alisema.

"Najua. Majibu yake yote ni ya ng'ombe. Lakini sheria haiulizi kama msaada ulikuwa wa maana. Mpe mtoto maziwa, mzee alale."

Ambindwile alikuna kichwa. "Nikimpa maziwa, mchango silipi. Nisipolipa mchango, jina haliendi. Jina lisipoenda, huo usingizi wa mzee utanisaidia nini?"

Mwalimu Godwin alilitazama jambo hilo kwa kila upande, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hisabati, alikubali kwamba halina jibu.

Ikabaki kuzungumza na mzee mwenyewe. Ambindwile alivaa koti lake la kanisani, akamketisha binti yake kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya tumbo lake.

"Ugonile, baba," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu."

"Baba, nakuomba unyamaze kwenye mtihani. Mtoto akifaulu atakuwa muuguzi, au mwalimu. Atakunywa maziwa mpaka achoke."

Babu akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza tu kwa kutaka kujua.

"Mimi nilikupa masiwa, nikakunyima sule. Wewe unampa sule, unamnyima masiwa. Nani kati yetu ana akili?"

Machozi yalimtoka Ambindwile, akayafuta kwa mkono wa koti. Tupokigwe naye alilia, maana aliwapenda wote wawili na alikuwa na njaa.

"Basi," alisema babu. "Nitanyamasa. Nyamaseni na nyie."

Siku ya mtihani msimamizi kutoka Tukuyu alipitapita kati ya madawati akiwa amevaa viatu vinavyolia. Asubuhi ile Tupokigwe hakuwa amekula kitu, kwa kuwa kuku walikuwa wamewahi. Kwenye karatasi ya hisabati palikuwa na swali la mfugaji aliyekamua maziwa lita kadhaa, akauza robo tatu, akagawia jirani nusu ya yaliyobaki. Tupokigwe alilisoma kimoyomoyo, lakini babu alisikia. Msichana alihisi mzee ameshika mbavu zake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguke, na akabaki ameshika hivyo mpaka karatasi zikakusanywa. Mguno mmoja tu ulimponyoka.

"Nani huyo?" aliuliza msimamizi.

"Hakuna mtu, mwalimu," darasa lilijibu, kwa heshima zote.

Tupokigwe alifaulu. Alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni upande wa Masukulu, wa kwanza kutoka shule yao kwa miaka mingi. Kijiji kilifurahi, Mwalimu Godwin alinywa bia mbili kwa furaha, na Ambindwile akaanza kuuza hata maziwa ya ndama, kwa kuwa ada ya sekondari haikuwa ya mchezo. Babu, aliyekuwa ameahidi kunyamaza kwa mtihani tu, alirudi kwenye swali lake siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya kuondoka, Hellen alimuaga binti yake akiwa nyuma ya migomba. Alipaza sauti, akamwambia amche Mungu, asome, afue soksi. Babu alisema, "Mwambie mkwe wangu nimesikia, na sina neno naye." Tupokigwe alilifikisha lile neno. Kanga ya Hellen ilitikisika kati ya majani, na Ambindwile akafunga sanduku la binti yake nyuma ya baiskeli, juu ya dumu.

Huko sekondari Tupokigwe hakuwa peke yake. Kwenye gwaride la kwanza la asubuhi, mkuu wa shule aliwasalimu wasichana, nao wakaitikia. Kisha akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Shikamooni, wazee." Kutoka kwenye mistari yote, chini ya sketi zote, ikatoka sauti moja nzito: "Malahaba." Walikuwepo wazee wa Kinyala, wa Kiwira, wa Masukulu, na mabibi wengi kuliko mababu. Babu alimkuta tumboni mwa msichana aliyesimama jirani mzee mmoja waliyegombana naye zamani kuhusu fahali, na kesi ikaendelea palipoishia. Mkuu wa shule akaomba utulivu, akatangaza kwamba muhula huu uji utakuwa wa mahindi matupu, bila sukari na bila maziwa, kwa sababu ya hali. Wazee walinong'ona kidogo, kisha wakanyamaza. Waliiheshimu sana elimu.

Tupokigwe alisoma kwa bidii, na kila mwaka alikuwa wa kwanza au wa pili. Fundi cherehani wa Kiwira alimshonea sare yake kubwa kwa makusudi, akaacha na pindo pana la kukunjua, akamhakikishia Ambindwile kwamba mtoto huyu atarefuka ndani yake na itamkaa mpaka kidato cha nne. Fundi alisema kweli kwa upande mmoja. Sare ilidumu mpaka kidato cha nne, safi, na pindo lake halikukunjuliwa.