Kufuli la Shemeji

Shemeji alivuta kiti akaketi karibu na meza yangu, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, weka jina tu. Watu wanasubiri."

Ni mume wa dada yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi hii nilipomaliza masomo ya jioni. Tunatengeneza pampu za hospitali, zile zinazopitisha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa tone kwa tone. Yeye huandika kiini, programu ya chini kabisa inayoongoza pampu nzima. Mimi hukagua. Badiliko haliingii mpaka mkaguzi aandike chini yake "Imekaguliwa na", kisha jina lake.

"Umetoa kufuli," nikasema.

Kufuli ni mistari michache ya programu inayozuia kazi mbili zisiguse sehemu moja ya kumbukumbu kwa pamoja. Sehemu hiyo ndiyo iliyobeba kipimo cha dawa.

"Lilikuwa linachelewesha. Nimejaribu, pampu haikukosea hata mara moja."

"Umejaribu kwenye pampu ya zamani, yenye kichakataji kimoja, ubongo mmoja tu. Mpya ina viwili. Kimoja kikisoma kipimo wakati kingine bado kinakiandika, mgonjwa atapewa nini?"

Akapuliza chai. "Hutokea kwa nadra."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Mkubwa anaitaka pampu mpya kesho. Tutarekebisha baadaye."

"Basi mkubwa aweke jina lake."

"Usituletee ulokole kwenye kompyuta, shemeji."

"Asubuhi nilimwomba Mungu aniepushe na ushahidi wa uongo. Sikujua utakuja na kikombe cha chai."

Akacheka. "Ukifukuzwa, nitamwambia nini dada yako?"

"Mwambie nimeondoka na jina langu."

Nikageukia kioo cha kompyuta. Nikaandika: "Rudisha kufuli. Bila hilo dawa inaweza kuzidi na kuua." Nikafuta "Imekaguliwa na", nikaandika "Imekataliwa na", kisha jina langu kamili, la baba na la babu. Nikatuma kwa wote, mkubwa akiwemo.

"Umenimaliza," shemeji akasema.

"Bado. Rudisha ile mistari, nitaikagua sasa hivi."

Alikitazama kikombe chake. Kisha akakiweka mezani kwangu, akarudi kwenye kompyuta yake, akaanza kuandika.

Mlango wa mkubwa ukafunguliwa. Akaliita jina langu, lote, kama nilivyoliandika.

Nikaitika, nikasimama.