Katlesi za Missis Pinsker

Mikono miwili ilimshika samaki mmoja, mmoja kichwani na mwingine mkiani, na hakuna uliokubali kuachia. Wa kichwani ulikuwa wa Missis Pinsker, mwenye nyumba. Wa mkiani ulikuwa wa Rukaiya, mpangaji wake wa chumba cha juu. Kila mmoja alikuwa akimkwangua samaki ubavuni kwa ukucha, aone kama ana magamba na kama yanabanduka.

"Nyinyi watu na magamba yenu!" muuza samaki alifoka. "Nunueni au mwacheni!"

Lile "nyinyi" liliwachoma wote wawili. Missis Pinsker alimwachia samaki papo hapo.

"Mimi si mwenzake," alisema.

"Na mimi sijaomba kuwa mwenzako," Rukaiya akajibu, na watu waliokuwa wakipita sokoni Walthamstow wakacheka. Alimnunua yule samaki kwa ukaidi tu, maana alikuwa mdogo na macho yalikwisha kuzama.

Ulikuwa mwaka 1968. Rukaiya na mumewe Mohsin walikuwa Makhoja wa Unguja, Mashia Ithnaasheri. Mapinduzi yaliwatoa kwao yakawatupa Mombasa, na Mombasa nayo ilipoanza kuwatazama kwa jicho la pembeni, wakapanda ndege wawahi kabla Uingereza haijafunga mlango. Nchi waliikuta wazi. Nyumba ndizo zilizofungwa. Kila walipobisha, chumba kilikuwa kimechukuliwa dakika ile ile, na pengine mwenye nyumba hakujisumbua hata kudanganya. Mimba ya Rukaiya ilikuwa imekwisha kuonekana. Kati ya milango yote waliyoigonga, ni mmoja tu uliofunguka, na nyuma yake alisimama mjane wa Kiyahudi mwenye roho ya siki, akawatazama kutoka viatuni hadi mtandioni, kisha akasema, "Nina masharti."

Na masharti yalikuwa masharti. Jikoni mwake vyombo vya nyama vilikaa upande wa kulia na vya maziwa upande wa kushoto, wala havikukutana hata kwenye karai la kuoshea. Nyama ya wapangaji haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Samaki, sawa, mradi awe na mapezi na magamba, apikwe kwa mafuta ya mimea, katika kikaango kimoja kipya alichokichagua mwenyewe. Hata jiko la gesi hakukubali mtu mwingine aliwashe. Rukaiya alidhani ni ubahili wa gesi. Mohsin alidhani ni wazimu. Kumbe nayo ilikuwa sheria ya dini yake, kwamba moto wa kupikia uwashwe na Myahudi.

"Mnyama awe na kwato zilizopasuka, tena awe anacheua," Missis Pinsker aliwasomea siku ya kwanza, kama hakimu. "Nguruwe kwato zake zimepasuka, lakini hacheui. Ngamia anacheua, lakini kwato hana za kupasuka. Nyinyi, nasikia, mnakula ngamia."

"Tukimpata," alisema Rukaiya.

Tangu hapo walichukiana kwa bidii. Mmoja alinusa ngazi, mwingine alibamiza mlango. Lakini chuki ya Rukaiya ilikuwa na tundu, naye alijua ni lipi: yule mwanamke alikuwa mkali kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alilelewa nalo. Papa na taa, ambao jirani zake wa Unguja waliwala kwa raha zote, nyumbani kwa wazazi wake hawakuingia, kwa kuwa hawana magamba. Ilimuudhi kufanana na mtu asiyempenda.

Ijumaa baada ya ugomvi ule wa sokoni alishikwa na hamu ya mimba, akaomba awashiwe jiko, akakaanga katlesi. Alitwanga kamba wa baharini, akawachanganya na viazi, kotmiri na ndimu, akachovya kwenye yai. Harufu ilimvuta Missis Pinsker kutoka sebuleni. Alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Nyama hiyo?"

"Siyo nyama. Ni cha baharini."

"Kina magamba?"

"Ndiyo," alisema Rukaiya.

Hakusema uongo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na masheikh wao: vya baharini visivyo na magamba ni haramu, ila kamba ni halali, kwa kuwa gome lake ndilo gamba lake. Haikumpitikia kamwe kwamba sheria zilizofuatana hatua kwa hatua zingeachana hapo.

Missis Pinsker alichukua katlesi moja, akaila amesimama. Akachukua nyingine. Hakusema ahsante, lakini alipotoka hakubamiza mlango, na kesho yake asubuhi alimwita "Missis Mohsin" kwa mara ya kwanza.

Asubuhi hiyo hiyo ya Jumamosi Rukaiya alikwenda sokoni peke yake. Muuza samaki alipomwona alicheka. "Leo huna mpinzani. Yule bibi wako Jumamosi hagusi hela, na siku nyingine nikimtania kwa kamba anatema mate. Kwao kamba na nguruwe ni mamoja. Nikupimie?"

Rukaiya alirudi mikono mitupu. Alimweleza mumewe akiwa amesimama, hata koti hajavua.

"Nyamaza," alisema Mohsin. "Wewe hukukusudia, na yeye hajui. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Aliniuliza, Mohsin."

"Na ukimwambia atatutoa! Utazaa wapi, stesheni? Umesahau tulivyozunguka? Hebu mtazame huyo tumboni kabla hujamtazama yule kizee."

Alisema kweli, na Rukaiya alilijua hilo. Aliketi kitandani. Akamkumbuka Ann, mfanyakazi mwenzake wa kiwandani, aliyemkaribisha chipsi wiki ya kwanza ya kazi. Rukaiya alimuuliza zimekaangwa kwa mafuta gani, Ann akasema ya mimea, na alipokwisha kula, meza nzima ikaangua kicheko: yalikuwa ya nguruwe. Alisukutua mpaka fizi zikatoka damu. Hakumsamehe Ann, wala hakukusudia kumsamehe.

"Mimi si Ann," alisema, akainuka.

Missis Pinsker alikuwa amekaa kitini, nguo nzuri mwilini, mikono mapajani. Rukaiya alimwambia kila kitu bila kukizungusha: kamba, gome, mama yake. Aliona aibu, akaisema: "Naona aibu."

Uso wa yule mwanamke ulipauka, kisha wekundu ukampanda kutoka shingoni.

"Kwa nini unaniambia? Ningekwenda kaburini sijui."

"Uliniuliza."

Rukaiya alingoja matusi. Alikwisha kuyatayarishia majibu.

"Jumapili ijayo nataka chumba changu," alisema Missis Pinsker hatimaye.

"Nina mimba."

"Naiona. Nina macho."

Rukaiya aligeuka. Majibu aliyoyatayarisha yalikuwa bado mdomoni, lakini hayakuwa na kazi tena. Alikuwa ameshika kitasa sauti ilipomfuata, ndogo, si ya hakimu.

"Niliila ya pili. Hukunilazimisha. Na tangu jana naifikiria. Nilikuwa nimepanga nikuombe uzipike tena wiki ijayo. Hilo, Missis Mohsin, ndilo ambalo sitakusamehe."

Mohsin alikuwa amesimama juu ya ngazi, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili.

"Kasemaje?"

"Tuhame Jumapili ijayo."

Mohsin aliketi kwenye ngazi pale pale, akaficha uso. "Na nini tena? Nimemsikia akisema mengi."

Rukaiya alimpita taratibu, mkono tumboni, akaingia chumbani, akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Kasema zilikuwa tamu."