Arubaini ya Kishingo

Nyumba ya Mpendae ilijaa watu, na Mashavu hakuna alichokipenda kama nyumba iliyojaa. Nadra, binti wa kaka yake, alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Chai haikukauka jikoni wala maneno hayakukauka ukumbini. Mashavu ndiye aliyekuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto. Mtaa mzima, akizaa mtu, anaitwa yeye.

Asubuhi hiyo Kazija, mama yake Nadra, alitoka chumbani kampakata mjukuu wake, kamfunua mgongo. Vipele vyekundu vitupu.

“Utitiri!” akapiga kelele. “Utitiri wa kuku wako, wifi! Unamla mtoto!”

Simai, mumewe Kazija na kaka mkubwa wa Mashavu, akaweka kikombe chini. “Basi. Siku ya arubaini pilau itapikwa kwa kuku hao. Wote. Na banda livunjwe.”

“Hawapikwi,” akasema Mashavu.

“Unanibishia mimi?”

“Nnakubishia, kaka, na shikamoo nshakupa. Nyumba hii katuachia baba sote. Kuku nimewafuga mwenyewe. Ukimtaka hata mmoja, anza kunipika mimi.”

Akaenda uani. Walikuwa kuku wanane na jogoo mmoja. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, alikuwa siku ya kumi anaatamia mayai kumi na moja. Mashavu akaingiza mkono chini yake, akautoa umejaa vidudu vidogo kama vumbi linalotembea. Utitiri upo, hilo hakulikataa. Alilolikataa ni pilau.

Mchana huohuo akamhamishia Kishingo na mayai yake kwenye karai la mchanga mkavu. Makumbi ya kiota cha zamani akayatia moto. Akamwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa wa banda, akapaka chokaa kuta na fito. Akachimba shimo, akalijaza majivu na majani makavu ya mwarobaini aliyoyasaga, kuku wajigaragaze. Halafu akachukua chetezo cha udi cha chumbani kwa mzazi, akatia makaa na mwarobaini, akalizungushia moshi banda zima mpaka kwa Kishingo.

Dirishani wanawake wakasukumana.

“Jamani, kuku anafukizwa!”

“Bado kukandwa tu!”

“Na nitamkanda,” Mashavu akawajibu. “Mzazi ni mzazi. Huyu hana hata mama wa kumpigia kelele.”

Kufika alasiri habari ishavuka mpaka mtaa wa tatu: Mashavu kamfukiza kuku udi, tena kamvisha kanga. Kanga ilikuwa ya uongo, lakini Mashavu aliposimuliwa alicheka mpaka machozi, akaongeza na wanja.

Mayai tisa yakaanguliwa. Akawafunika vifaranga na mama yao kwa tenga, kunguru wasiwafikie, akawapa chenga za mchele, na maji kwenye kifuniko alichokitia vijiwe wasije wakazama. Kila asubuhi alikikagua kila kichwa. Kifaranga kimoja kilishikwa na viroboto pembeni mwa jicho, weusi, wamejichimbia. Akakipaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, leo na kesho, mpaka wakadondoka.

“Mna mwenzenu ndani,” akawaambia. “Mtatoka naye siku moja.”

Siku ya thelathini na tatu vipele vikarudi. Kazija akaja uani na kisu, Simai nyuma yake, na nyuma ya Simai wageni wote. Mashavu akasimama mlangoni pa banda.

“Ngoja, wifi. Hata mwizi husikilizwa.”

Akatwaa kitambaa cheupe, akafuta fito, akafuta karai, akafuta chini ya mbawa za Kishingo. Akamkabidhi Simai. “Hayo majivu. Nitafutie kinachotembea.”

Simai akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena. Hakuna.

“Sasa nileteeni nguo anazofungwa mtoto.”

Likaletwa kapu la kanga kuukuu, zile laini zilizowekwa kwa ajili ya kichanga. Mashavu akachomoa ya chini kabisa, akaikung'uta juu ya kitambaa. Vumbi likaanguka. Vumbi likaanza kutembea.

“Hizi zilianikwa wapi, wifi yangu?”

Kazija akatazama paa. “Zilikuwa zishafuliwa. Nlizitoa uvundo tu, kabla mtoto hajazaliwa.”

“Wapi?”

“Si hapo… juu ya banda. Ndipo jua linapopiga.”

Mwanamke mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Simai akakohoa. “Hata hivyo, utitiri ulianza kwako.”

“Ulianza kwangu, na wangu nshaumaliza. Uliobaki ni wenu.”

Kazija akakiweka kisu, akaenda kuinjika sufuria la maji. Kanga zote zikachemshwa, hata zile ambazo hazikuwa na kesi.

Siku ya arubaini Nadra akatoka uani na mtoto wake, ngozi nyororo, wanja machoni. Mashavu akafunua tenga. Vifaranga tisa wakatawanyika miguuni mwa wageni, watu wakaruka huku na huku, vicheko mpaka nje. Pilau ilikuwa ya nyama ya ng'ombe.

Simai, sahani mkononi, akawa anamtupia jicho jogoo.

“Hata yule mmoja tu, Mashavu?”

“Hata bawa, kaka. Kula nyama.”