Akashusha Pumzi Mara Arobaini na Moja

Mimi ni msusi. Mikono ikiwa kwenye kichwa cha mtu, mdomo unatunga. Mteja akiondoka, nachapa kwenye simu yale niliyomsimulia. Ndivyo nilivyoandika sura thelathini na tisa za yule daktari wa tamthilia ya runinga, ambaye watengenezaji walimuua kwa ajali ya gari eti kwa sababu mwigizaji kahama. Mimi nikakataa katakata. Kwangu alikuwa hospitali, hana fahamu, lakini yu hai. Watu mia sita kwenye kundi letu la simu walikuwa wanangoja sura ya arobaini, ya mwisho, waone kama ataamka.

Sasa kundi hilo lina kiongozi, tunamwita Ticha, mstaafu asiye na kazi ila kutuhesabia maneno. Kila Jumamosi anabandika orodha ya maneno yaliyowachosha wasomaji pamoja na mwenye nayo. Ukiongoza mara tatu mfululizo, unatolewa na sura zako zote zinafutwa. Nilishaongoza mara mbili. "Macho ya kahawia" niliyaondoa mwenyewe, na walikuwa na haki ya kunicheka: sote tuna macho ya kahawia, nani atashangaa? "Akajiuma mdomo" nikaiondoa pia, maana daktari wa watu alishabakiza mdomo nusu. Kilichobaki ni "akashusha pumzi". Sura ya thelathini na tisa peke yake, mara arobaini na moja. Ticha alihesabu, hana haya yule.

Ijumaa akanipigia. Hakuwa na ubaya, niseme kweli. Alitaka kazi yangu ibaki, kwa hiyo akaniomba nichanganyechanganye, niweke hata "akapumua" hapa na pale, nisiwakere watu. Shoga yangu niliyekuwa namsuka, naye ni wa kundi hilohilo, akaninong'oneza nikubali. Neno tu hilo, linaniuma nini?

Linaniuma. Nikaziachia nywele zake, nikaishika simu vizuri.

"Ticha, baba watoto wangu alilala wodini siku kumi na moja bila kufungua macho. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza. Akishusha pumzi, nasubiri avute nyingine. Akivuta, nasubiri ashushe. Sikuwa na kazi nyingine. Siku ya kumi na moja akashusha, nikasubiri. Na wewe unaniambia nichanganye?"

Ticha akanipa pole, akasema lakini sheria ni ya wote. Nikamwambia sawa, afanye lake na mimi nifanye langu.

Nikamwomba shoga yangu radhi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikaketi kuandika palepale. Mke wa daktari yuko kwenye kiti, anamsikiliza mumewe. Akashusha pumzi. Akavuta. Akashusha pumzi. Akavuta. Sura nzima hivyo, hakuna maua wala mvua dirishani. Mwishoni akashusha pumzi, mkewe akasubiri, akasubiri, akasubiri. Akavuta nyingine, akafungua macho, akaomba maji.

Nikatuma. Shoga yangu akaisomea kwenye simu yake, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikaendelea kumsuka hivyohivyo.

Jumamosi saa nne asubuhi Ticha akanitoa, akafuta sura zote arobaini. Sikuomba kurudishwa wala sitaomba. Watu mia sita walishasoma. Mume wangu sikuweza kumrudisha, nilijaribu kila kitu. Huyu ameamka, na hakuna wa kumlaza tena.