Shubiri Moja ya Bawa

Ndege ilitua vizuri, na Hesketh hakuwa hata na nguvu za kufurahi. Ndoano ya mkiani ilinasa waya, ndege ikasimama pale pale juu ya sitaha ya manowari ya kubebea ndege, mabaharia wakapiga makofi. Yeye ndiye mhandisi aliyeibuni, na tangu vita havijaisha hajapata usingizi wa maana. Alichotaka ni kikombe cha chai yenye sukari, na sukari yenyewe bado ilikuwa ya mgawo.

Rubani, Luteni Rory Pascoe, akashuka anacheka. "Mzee, mbona umenuna kama uko msibani? Imekubali!"

"Haijashuka chini bado."

Na huko chini ndiko balaa lilikokuwa. Waliikunja mabawa yakasimama juu, lifti ikaishusha hadi kwenye banda lililo ndani ya meli, wakaanza kuisukuma. Kong'! Ncha za mabawa zikagonga boriti ya dari. Ebo! Pascoe alikuwa amelalamika kwamba miguu ya ndege ni mifupi, wakairefusha, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupima upya kimo chake ikiwa imekunja mabawa. Kule kiwandani dari liko juu mno, nani angeshtuka? Tena aliyeidhinisha ni Hesketh mwenyewe. Aibu ilimshika akashindwa hata kuinua macho.

Kamanda Twiss, mkuu wa majaribio, hakupandisha sauti. "Miguu haifupishiki hapa melini. Kateni mabawa shubiri moja kila upande, Pascoe aruke mchana huu, atue tena. La sivyo rudini nayo kwenu, tutanunua ya wenzenu."

Fundi akaleta msumeno.

"Kata, mzee," Pascoe akasema. "Nitaitua hata nikifumba macho."

Hesketh aliushika ule msumeno asijue aufanyie nini. Ndege ya kwanza ilikuwa na mabawa mafupi hivyo hivyo. Ilipopunguza mwendo ili itue, bawa moja liliinama ghafla, ikaingia baharini pamoja na Denholm, rubani aliyemtangulia Pascoe. Shubiri ile iliongezwa kwa sababu ya kifo chake. Lakini kiwanda kizima kilikuwa kinangojea oda hii, na bila oda hakuna kazi.

Akauweka msumeno chini. "Sikati."

"Basi imekwisha," Twiss akasema, akaenda zake.

Pascoe alimjia juu. "Unanibania nini? Roho si yangu? Ungeniacha niamue mwenyewe!"

"Denholm naye aliamua mwenyewe. Akaruka, akafa, mimi nikaenda kumwambia mkewe. Nimechoka, Rory. Siwezi kwenda tena kwa mke wa mtu na habari ile."

Pascoe akajifuta jasho la uso kwa kiganja.

"Na watu wa kiwandani? Nani atakwenda kuwaambia kwamba hawana kazi?"

Hesketh akaokota kofia yake.

"Ni mimi tena," akasema. "Nani mwingine?"